Pointi za kurejesha Windows zinapotea zenyewe: zinahifadhiwa wapi hasa?

mnukuzi ameuliza:

Wakuu, naomba msaada wa mtu anayejua kinachoendelea ndani, maana kuzima na kuwasha nimeshafanya vya kutosha.

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mahojiano na kuzigeuza kuwa maandishi. Natumia Windows 11. Wiki mbili zilizopita niliweka draiva mpya ya sauti. Kabla ya kuiweka nilitengeneza kwa mkono pointi ya kurejesha (alama ya hali ya mfumo unayoweza kuirudia mambo yakiharibika), nikaiita "kabla ya draiva", na niliiona kwa macho yangu kwenye orodha pamoja na nyingine tatu za nyuma yake. Tangu juzi sauti inakatika kila baada ya sekunde chache na kazi imesimama. Leo nimefungua rstrui (programu ya Windows ya kurejesha mfumo) ili nirudi nyuma, nakuta pointi moja tu, ya jana, ambayo Windows imeitengeneza yenyewe wakati wa kuweka sasisho. Yangu haipo. Sikufuta chochote, na diski bado ina nafasi ya GB 70.

Nimesoma kwamba pointi hizi hukaa kwenye folda ya System Volume Information. Nimeifichua, lakini nikiibofya naambiwa sina ruhusa, ilhali mimi ndiye msimamizi wa kompyuta hii.

Zimekwenda wapi? Kuna namna ya kuzirudisha? Na kuanzia sasa naweza kuinakili folda hiyo kwenye diski ya nje ili nisipatwe na haya tena?

---

jembe_butu amejibu:

Mimi nilishazima ulinzi wa mfumo (sehemu ya Windows inayotunza pointi hizi) siku nyingi. Folda ile inakula nafasi tu, na siku ukiihitaji haikusaidii, kama ulivyoona mwenyewe. Zima, weka Windows upya, endelea na kazi.

---

kisima_kirefu amejibu:

Mnukuzi, usizime kwanza. Ukizima ulinzi wa mfumo kwenye C:, pointi zote zilizopo zinafutwa papo hapo, pamoja na hiyo moja iliyobaki.

Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andika hivi, kisha utuletee majibu:

vssadmin list shadowstorage

Tuambie pia kama ndani ya C: kuna faili kubwa linaloandikwa kila siku. Hifadhidata, faili la barua pepe, kompyuta pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako), chochote cha namna hiyo.

---

mnukuzi amejibu:

Ahsante mkuu. Imenipa hivi: nafasi iliyotumika GB 4.61, iliyotengwa GB 4.70, kikomo GB 4.74 (2%).

Na ndiyo, nina kompyuta pepe, kwa sababu programu yangu ya zamani ya kunukuu haikubali kwenye Windows mpya. Faili la diski yake lina GB 60 na liko C:. Ilikuwa imelala muda mrefu, nimeanza kuitumia kila siku tangu wiki iliyopita.

---

kisima_kirefu amejibu:

Basi tumempata mlaji. Nivumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu hili jambo ukilielewa mara moja hutapoteza pointi tena bila kujua sababu.

Wengi tunaamini kwamba pointi ya kurejesha ni picha kamili ya mfumo iliyofungwa na kuwekwa mahali. Sivyo. Kwenye Windows XP mfumo ulikuwa unafuatilia aina fulani za faili, na faili likitaka kubadilishwa, nakala yake ilihifadhiwa kwenye folda ndogo zilizoitwa RP1, RP2 na kuendelea. Kuanzia Vista utaratibu huo uliachwa. Sasa kazi inafanywa na huduma ya nakala kivuli, yaani VSS, na draiva yake inaitwa volsnap. Draiva hiyo inakaa chini ya mfumo wa faili. Haina habari na faili wala majina yake. Inaona vipande vya diski tu, kila kimoja KB 16.

Siku ulipotengeneza "kabla ya draiva", karibu hakuna kilichonakiliwa. Windows iliweka alama: hali ya C: wakati huu ni hii. Kazi yenyewe huanza baada ya hapo. Programu ikitaka kuandika juu ya kipande kilichokuwa na kitu wakati alama inawekwa, volsnap inaizuia kwa muda mfupi sana, inachukua yaliyokuwamo, inayaweka kwenye akiba ndani ya System Volume Information, ndipo inaruhusu maandishi mapya yaingie. Hufanya hivyo mara ya kwanza tu. Kipande hichohicho kikiandikwa tena mara mia hakinakiliwi tena, mpaka itengenezwe pointi mpya. Ukitaka kurudi nyuma, vilivyobadilika vinachukuliwa kutoka akiba, na visivyoguswa vinasomwa palepale vilipo kwenye diski.

Kwa hiyo kuhusu kunakili folda ile kwenye diski ya nje, jibu ni kwamba haitakufaa. Ndani yake mna vile vipande vya zamani tu. Sehemu kubwa ya hali ya siku ile iko kwenye C: yenyewe. Ungekuwa umechukua viraka ukaacha nguo. Ndiyo maana pia ruhusa ya folda hiyo imeachiwa mfumo peke yake: mtu akiingiza mkono mle, pointi zote zinaharibika. Usijilazimishie ruhusa.

Sasa njoo kwenye kikomo. Akiba ya C: ni moja, na pointi zote zinaigawana. Kwako imewekewa 2% ya diski, na hapo ndipo GB 70 zako za nafasi tupu zinapokosa maana: volsnap haivuki kikomo hata diski ikiwa nyeupe. Ikijaa, pointi ya zamani kuliko zote inaondolewa, kisha inayofuata, na hakuna dirisha linalotokea kukuuliza.

Kompyuta pepe ndiyo imeijaza. Yenyewe inajiona ina diski yake, inajisasisha, inaandika kumbukumbu zake, inabadilisha kurasa zake za RAM kwenda diskini, na yote hayo ni maandishi ndani ya lile faili la GB 60. Kila kipande cha zamani kilichomo humo kikiguswa kwa mara ya kwanza kinapelekwa akiba. Volsnap haina namna ya kujua kwamba kipande hiki ni cha draiva ya sauti unayoijali na kile ni cha takataka ya muda ya kompyuta pepe. Kwa GB 4.74, siku chache zinatosha.

Ukitaka ushahidi, fungua eventvwr (programu ya kutazama matukio ya Windows), ingia kumbukumbu za Windows, sehemu ya mfumo, uchuje chanzo volsnap. Tafuta namba 33. Hiyo ndiyo inayoandikwa pale nakala kivuli ya zamani inapofutwa ili matumizi yasizidi kikomo. Ukikuta namba 25, hiyo ni shida nyingine: akiba ilishindwa kupanuka kwa wakati, na hapo nakala zote za diski hiyo huondoka kwa pamoja. Hutokea hasa diski inapozidiwa na kazi.

Kuhusu kuzirudisha, pole sana. Vipande vikishaachiwa vimekwenda, na sitakudanganya kwamba vitarudi.

Lakini kwa tatizo lako la sauti huhitaji pointi kabisa. Fungua devmgmt.msc (orodha ya vifaa vya kompyuta), tafuta kifaa chako cha sauti, ingia kwenye sifa zake, kichupo cha draiva, utaona kitufe cha kurudisha draiva ya awali. Windows huweka draiva iliyotangulia mahali pengine, mbali na akiba hii. Kitufe kikiwa kimefifia, maana yake draiva ya awali haikuhifadhiwa. Hapo itabidi uipakue toleo la zamani kutoka kwa mtengenezaji.

Ukimaliza, ihamishe kompyuta pepe iende kwenye diski au sehemu nyingine ambayo ulinzi wa mfumo haujawashwa. Nakala kivuli hutengenezwa kwa kila diski peke yake, kwa hiyo maandishi ya D: hayagusi akiba ya C:. Kisha ongeza kikomo:

vssadmin resize shadowstorage /for=C: /on=C: /maxsize=20GB

Nafasi hiyo haichukuliwi yote mara moja, inakua kadiri inavyohitajika. Ila kuwa mwangalifu siku ukitaka kuipunguza. Ukishusha kikomo chini ya kiasi kilichotumika, pointi za zamani zinafutwa hapo hapo.

Jembe, nakuelewa, anayekuta orodha tupu siku ya shida hukata tamaa. Lakini hapa akiba ilifanya ilichoambiwa kufanya, ilipewa tu sehemu ndogo mno.

---

darubini amejibu:

Kisima ameeleza vizuri mno. Naongeza mawili.

Kwanza, umri. Tangu sasisho la usalama la Juni 2025, Windows 11 toleo la 24H2 huhifadhi pointi kwa muda usiozidi siku 60. Hata ukiipa akiba GB 100, ya miezi mitatu nyuma usiitarajie.

Pili, na hili linanigusa binafsi. Mnukuzi, rekodi zako na maandishi yako yako wapi? Niliwahi kukaa miaka nikiamini pointi za kurejesha zinanilinda. Diski ikafa, na pointi zikafa nayo, kwa sababu zinaishi kwenye diski ileile zinayoilinda. Nilipoteza picha za mama yangu. Urejeshaji wa mfumo unarudisha faili za Windows, rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), draiva na programu. Nyaraka zako hauzigusi, wala hauzirudishi. Virusi vya kudai fidia navyo huanza kwa kufuta nakala kivuli zote kwa amri hiyohiyo ya vssadmin. Tafadhali nunua diski ya nje, unakili rekodi zenyewe, kisha uichomoe.

---

mnukuzi amejibu:

Nimerudi. Kitufe cha draiva kilikuwa hai, nimekibonyeza, nimewasha upya, na nimesikiliza rekodi ya dakika 40 bila kukatika hata mara moja. Nashukuru kutoka moyoni.

Kwenye eventvwr nimekuta namba 33 mara nne. Zote ni za jioni, saa ambazo kompyuta pepe ilikuwa inafanya kazi. Mbili za mwisho zimepishana kwa dakika kumi na moja. Nimeihamishia D: na kikomo ni GB 20 sasa.

Darubini, pole sana kwa picha za mama. Rekodi zangu zote zilikuwa kwenye kompyuta hii tu. Zinanakiliwa kwenye diski ya nje wakati naandika hapa.

Swali moja limebaki. Nimetengeneza pointi asubuhi kwa PowerShell (dirisha la amri la Windows), kwa amri ya Checkpoint-Computer. Nimejaribu tena mchana baada ya kuhamisha vitu, nikapewa onyo na pointi haikutokea. Akiba imejaa tena?

---

kisima_kirefu amejibu:

Haijajaa. Kuanzia Windows 8 kuna muda wa kusubiri kati ya pointi zinazotengenezwa kwa amri au na programu: dakika 1440, yaani siku nzima. Ikiwapo yoyote ndani ya muda huo, ombi jipya linaachwa. Thamani yake iko kwenye rejista kwa jina SystemRestorePointCreationFrequency, lakini sikushauri uiguse kwa ajili ya mara moja. Andika SystemPropertiesProtection kwenye kisanduku cha kutafutia, dirisha la ulinzi litafunguka, bonyeza kitufe cha kutengeneza. Kwa njia hiyo ya mkono itakubali leo hii.

---

mnukuzi amejibu:

Imekubali. Nimeiita "baada ya kuhamisha".