Daiva kaumia kazini Mombasa, kampuni yasema shauri yake. Sheria inasemaje?

mwana_likoni: Wadau habari zenu. Mdogo wangu ni daiva, kazi yake kusugua meli kwa chini. Juzi hewa ilimkatikia kwenye paipu akiwa chini akapanda mbio, usiku bega na magoti yakamuuma mpaka analia, miguu ikafa ganzi. Daktari kasema ni viputo vya naitrojeni mwilini, ikabidi aingizwe chemba, kile chumba cha hewa ya shinikizo. Sasa kampuni yasema ati alipanda haraka kinyume cha maagizo, tena ni kibarua wa kulipwa kwa siku, na alisaini karatasi kwamba akiumia hatadai. Nitafute wakili twende kortini?

Baba Zai: Pole sana ndugu. Kortini usianzie huko. Sheria ni WIBA ya 2007, ile ya fidia kwa walioumia kazini, na Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi Desemba 2019, madai yaanzia kwa Mkurugenzi wa DOSH, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, hamridhiki ndio mwapinga na kukata rufaa mahakama ya leba. Uzuri wake huna haja ya kuthibitisha uzembe wa tajiri, yaani mwajiri, ni kuonyesha tu aliumia akiwa kazini. Hiyo karatasi ni takataka, haki ya WIBA haisainiwi ikaisha.

mwana_likoni: Na hilo la kukiuka maagizo?

Baba Zai: Akiwa kaumia vibaya akifanya kazi ya tajiri bado analipwa hata kama alikiuka. Na kibarua pia ni mfanyakazi. Ingekuwa ana vifaa vyake na apeleka invoisi zake hapo wangekuwa na la kusema.

kapteni_mstaafu: Mimi nauliza kwanza, juu palikuwa na daiva wa akiba? Chupa ya hewa ya dharura je? Hewa ikikatika mtu akakaa chini afuate maagizo gani, afe? Pigeni picha kompresa na paipu kabla hazijapotea, na daftari la kuzamia muombe kopi leo leo. Halafu asipande ndege mpaka daktari amruhusu. Na msikimbilie kukubali asilimia ya ulemavu ya kupimia fidia, mifupa ya bega na nyonga yaweza kuanza kufa baadaye kabisa, apigwe picha ya mifupa hospitali.

mwana_likoni: Shukran wazee. Hawajaripoti popote nijuavyo.

Baba Zai: Wana siku 7 za kuripoti DOSH tangu wajulishwe. Wajulishe kwa maandishi ubaki na kopi, wakinyamaza nenda mwenyewe ofisi ya DOSH na ripoti ya daktari, mna miezi 12 ya kudai. Risiti za hospitali weka zote, gharama hizo ni za tajiri.