Makocha wa jimu Arusha na Moshi: karatasi moja ya lishe kwa watu wote, skwati 200 siku ya kwanza, na vidonge visivyo na lebo

Wakuu, habari za majukumu. Huu ni uzi wa malalamiko na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna karatasi ya lishe inayozunguka WhatsApp kuanzia Njiro na Sakina mpaka Majengo ya Moshi. Asubuhi oti za pakiti na lozi kumi, mchana kifua cha kuku na brokoli, jioni samaki wa salmoni na saladi. Juu limeandikwa jina la mteja, chini namba ya kulipia. Uzito wake haumo, umri haumo, dawa anazokunywa hazimo. Dereva wa hiace wa kilo 95 mwenye kitambi na binti wa kilo 52 anayetaka kuongeza mwili wanauziwa karatasi ileile. Dereva anaifuata siku tatu, hela inakata, anarudi kwenye chipsi mayai halafu anaambiwa hana nidhamu. Nidhamu gani? Salmoni anaitoa wapi, Soko la Kilombero?

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Dereva ana kilo 95 na lengo lake ni 80. Chukua uzito wa lengo, zidisha kwa gramu 1.6 za protini, unapata gramu 128 kwa siku. Sasa nenda naye sokoni kwa akili. Mayai matatu, 18. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva, 15. Robo ya steki ya buchani, ambayo ikiiva inabaki kama gramu 170, mpe 45. Nusu lita ya mgando, 16. Konzi ya dagaa wakavu kama gramu 30, 18. Ugali wa dona wa gramu 200 za unga, 16. Jumlisha: 128. Weka mchicha na vijiko viwili vya chakula vya mafuta, chakula chote kinacheza kwenye kalori 2,200 hadi 2,300, na kwa mwanaume wa mwili ule hapo anapungua bila kulala njaa. Hakuna kitu cha dukani chenye maandishi ya kigeni. Mchaga akitaka ndizi badala ya ugali, mpe gramu 600 za ndizi zilizomenywa, kalori zinakaribiana, kisha mwongezee yai moja kwa sababu ndizi ina protini kidogo. Mtori haujawahi kuwa adui wa mtu. Adui ni siagi inayoingia kwenye sufuria bila kijiko.

Na hapa ndipo makocha wengi wanaponikera zaidi: wanapiga marufuku ugali, mafuta hawaulizi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120 hivi. Vijiko vitatu ni sawa na gramu 100 za unga mkavu. Mteja anaacha ugali kwa uchungu, huku nyumbani mboga inakaangwa kwa kumimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Kocha anayejua kazi angesema kitu kimoja tu wiki ya kwanza: pima mafuta kwa kijiko. Ni bure, na hakuna anayelala njaa.

Halafu ile picha ya mzani. "Kilo 3 ndani ya siku 7!" Makocha, mnajua hesabu au mnadanganya kwa makusudi? Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kalori 7,700. Kilo tatu ni 23,100. Gawa kwa siku saba: 3,300 kila siku chini ya mahitaji. Watu wengi hata hawatumii kalori hizo kwa siku nzima, kwa hiyo haiwezekani yote yawe mafuta. Kilichotoka ni maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu imeshika takriban gramu tatu za maji. Ukikata wanga, akiba inaisha, maji yanatoka, mzani unashuka kilo mbili na ushee. Siku mteja akila pilau ya harusi zinarudi zote, analia. Wiki ya tatu mzani unagoma, na kocha badala ya kumweleza anamkatia chakula tena. Mwendo wa kweli ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Pima mzani asubuhi baada ya chooni, siku tatu au nne kwa wiki, linganisha wastani wa wiki na wiki, na tepu ya fundi cherehani izungushwe usawa wa kitovu. Basi.

Kuhusu nailoni ya kufunga tumboni sitasema mengi: ni jasho. Mafuta ya tumbo hayachaguliwi kwa kufungwa wala kwa kukunja tumbo mara mia tano.

Sasa siku ya kwanza. Mteja ameketi ofisini miaka kumi, anafika, anapigwa skwati 200, kuruka boksi, pushapu mpaka anatapika, na kocha anamrekodi anacheka. Kutapika si kipimo cha mazoezi mazuri. Maumivu ya kawaida ya misuli huwa makali kati ya saa 24 na 72, kisha yanapoa. Lakini misuli isiyozoea ikipigwa kupita kiasi inavunjika, vitu vyake vinaingia kwenye damu, figo zinaelemewa. Dalili yake mteja anaiona chooni: mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, paja limevimba na kuwa gumu, mkono haukunjiki. Huyo hapelekwi kwenye masaji wala hapewi dawa ya maumivu ya duka la karibu. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo apimwe damu na figo.

Siku ya kwanza inatakiwa iwe ya kuchosha kocha zaidi ya mteja. Maswali kwanza: moyo, presha, sukari, pumu, maumivu ya kifua, kizunguzungu, mgongo, ujauzito, dawa zote. Mashine ya presha ya mkononi iwe mezani. Kisha mwambie akae kwenye benchi na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, wewe ukiwa umechuchumaa mbele yake unatazama magoti. Goti likiingia ndani wakati wa kunyanyuka, mwambie asukume magoti yaelekee vidole vidogo vya mguu, na usimwekee chuma mabegani bado. Kisigino kikinyanyuka, kifundo hakikunji vya kutosha: weka kipande cha chuma cha kilo 2.5 chini ya kila kisigino, utaona mgongo unanyooka palepale. Baada ya hapo mazoezi matano yanatosha: kuchuchumaa, kusukuma, kuvuta, kuinua kitu kutoka chini, na kutembea na mzigo mikononi. Hata ndoo mbili zenye lita 10 za maji ni kilo 20. Seti mbili, marudio 10, aache akiwa bado angeweza mawili au matatu. Akimaliza marudio yote kwa ufundi ule ule vipindi viwili mfululizo, ongeza kilo 2.5. Kocha unayefanya haya huku unachati, huoni goti.

Mwenye presha asifundishwe kubana pumzi akinyanyua. Atoe hewa wakati wa kusukuma. Jambo dogo hili wengi hawalisemi kabisa.

Nafika kwenye kinachotia hasira kuliko vyote: kuchezea dawa za watu na kuuza vidonge. Mteja wa kisukari anayetumia glibenklamaidi au kuchoma insulini anaambiwa aache wanga kuanzia kesho na afunge saa 16. Dawa hizo zinashusha sukari awe amekula au hajala. Atatetemeka, atatoka jasho la baridi, ataongea ovyo, ataanguka kwenye mashine. Akiwa bado anameza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, rudia ikibidi, kisha ale. Akizimia usimtie kitu mdomoni, kimbia hospitali. Na lishe yake haibadilishwi kabla daktari hajapanga upya dozi.

Kuna wanaouza vidonge vya kukojoza eti vinakata mwili. Vinatoa maji na chumvi ya potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo yanavurugika. Kuna vya kunenepesha akina dada, vimewekwa kwenye kikopo kisicho na lebo, na ndani mara nyingi ni deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya homoni, au siproheptadini, dawa ya mzio inayotia hamu ya kula. Deksamethasoni inajaza uso, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na mtu aliyeitumia muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuanguka kwa sababu mwili umesahau kutengeneza homoni yake. Dada uliyeanza usiache kimyakimya, mpelekee daktari kikopo chenyewe. Kocha unayeuza, unauza dawa za cheti bila kibali, na unajua.

Hata wanaoandaa watu kwa Kilimanjaro Marathon wana kosa hili la kuharakisha. Mtu hajawahi kukimbia kilomita 5, wiki nne kabla ya mbio anaandikishwa 21. Njia ya Moshi inapanda kuelekea Mweka, halafu inashuka, na ni mteremko unaochana mapaja zaidi ya mlima. Mwenye kuanza sifuri apewe wiki 16 na mazoezi ya kushuka polepole, au aende na ile ya kilomita 5.

Wateja, kabla hujalipa mwezi mwombe kocha akuonyeshe fomu ya maswali ya siku ya kwanza, na umuulize mzani ukigoma wiki ya nne atabadilisha nini. Akikujibu "utapunguza kula" bila kukuuliza umekula nini, unalalaje na umetembea kiasi gani, hela yako iache mfukoni. Na makocha mnaofanya kazi sawasawa mko humu, wekeni fomu zenu hapa chini watu wazione.