Tupeane uzoefu: dawa za saratani kwa mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo

Mama Tegeta
Habari zenu, na wakubwa shikamooni. Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa kichwa mwezi uliopita, majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa yakasema ni glioblastoma, aina ya saratani ya ubongo, na Jumatatu anaanza mionzi pamoja na dawa za kumeza. Naomba waliougua au waliouguza waeleze yaliyowapata, hata kama mwisho haukuwa mzuri. Wa kunipa moyo ninao wengi. Ninachohitaji ni kujua niweke nini karibu na kitanda.

Kaka Mkubwa
Pole sana, dada yangu. Nilimuuguza mdogo wangu kwa ugonjwa huohuo. Nilitegemea kuona dripu, kumbe tulipewa kapsuli za temozolomaidi za kumezea nyumbani. Mionzi ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita, jumla mara 30, lakini kapsuli alimeza kila siku, hata Jumapili. Utaratibu huo wa kuunganisha mionzi na dawa umeenea duniani tangu matokeo ya utafiti mkubwa yalipochapishwa mwaka 2005. Dozi hupigiwa hesabu kwa ukubwa wa eneo la mwili mzima, miligramu 75 kwa kila mita ya mraba. Yeye alikuwa na 1.6, kwa hiyo alipewa 120, yaani kapsuli moja ya 100 na moja ya 20.

Sisi tulipangiwa usiku, tumbo likiwa tupu. Alikula saa kumi na mbili jioni, saa tatu na nusu akameza dawa ya kuzuia kutapika, na saa nne kapsuli pamoja na glasi nzima ya maji, kisha akalala. Alitapika mara mbili tu katika wiki zote sita. Usiku mmoja alipata shida ya kumeza, shangazi akataka kufungua kapsuli aikorogee kwenye uji. Nilimshika mkono, kwa sababu unga ule haufai kuguswa wala kuvutwa puani. Nywele zilinyonyoka upande wa mionzi pekee.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu, kilichotutesa sisi ni choo. Dawa ya kuzuia kutapika humfunga mtu, na mzee wangu alikaa siku tano hajaenda. Muulize daktari dawa ya kulainisha choo siku ileile ya kwanza, usisubiri papai likusaidie.

Cha pili ni deksamethasoni, ile ya kupunguza uvimbe unaozunguka jeraha kichwani. Mzee alikuwa akiamka saa nane usiku anafunua sufuria kutafuta kiporo, akimaliza anataka kuzungumza siasa hadi alfajiri. Uso ukamjaa, wageni wakamsifu kuwa amenawiri, kumbe sukari ilikuwa imepanda. Dawa hiyo haikatishwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Mgonjwa Mwenyewe
Naandika nikiwa kwenye mzunguko wa tano. Baada ya mionzi hupumzika kama mwezi, kisha unameza siku tano katika kila siku 28, na huo ndio mzunguko mmoja, kwa dozi kubwa zaidi. Siku hizo tano ni za uchovu na chakula kukosa ladha. Ninazoziogopa ni siku ambazo najisikia mzima. Katika mzunguko wa pili, siku ya 22, nilikuwa napalilia bustani nikiimba, na kesho yake kipimo cha damu kikaonyesha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka hadi 61,000. Zikiwa chini ya 100,000 mzunguko mpya hauanzi, basi nilisubiri wiki mbili nikiwa na hasira ambazo mke wangu ndiye aliyezipokea.

Homa ikifika nyuzi 38 nenda hospitali usiku huohuo. Mimi nilikwenda kituo kimoja jirani, nisingependa kukitaja, nikapewa panado na kurudishwa nyumbani bila hata damu kupimwa. Mwambie mtu wa mapokezi, kabla ya jambo jingine lolote, kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa za saratani. Wakati wa mionzi nilimeza pia Septrin mara tatu kwa wiki kukinga mapafu, na dawa za kifafa sikuziacha hata siku moja.

Mjukuu
Bibi yangu alikuwa na uvimbe wa aina nyingine, akapewa lomustini, prokabazini na vinkristini ya mshipani. Vidole vilikufa ganzi hata kufunga vifungo vya gauni ikawa kazi yetu. Kwa hiyo uliza jina la dawa kabla ya kulinganisha.

Mama Tegeta
Asanteni sana. Kipimajoto nimenunua leo, na dawa ya choo nimeiandika kwenye karatasi ya maswali. Kaka, picha ya kwanza ya MRI baada ya mionzi ilikuwaje?

Kaka Mkubwa
Ilionyesha uvimbe mkubwa kuliko mwanzo, na mama alilia kwenye korido. Daktari akaeleza kwamba mionzi yenyewe huweza kuvimbisha sehemu ile, akasema tuendelee na dawa, tupige nyingine baada ya miezi miwili. Ya pili ilikuwa imepungua. Uliomba tusifiche, dada: tulikuwa naye miezi 17 tangu upasuaji, na katika hiyo, kama 11 alikuwa akienda dukani mwenyewe.