Mtoto mwenye ualbino chekechea: losheni apakwe lini?

Swali: Walimu wenzangu, tumempokea mtoto wa miaka 3. Mama yake kaleta losheni ya kukinga jua ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua). Tumpake vipi?

Jibu: Dakika 20 kabla ya kutoka nje, rudieni kila baada ya masaa 2 na akishacheza maji. Masikio na shingo kwa nyuma ndiko wengi husahau. Ikipakwa kiduchu, hiyo kinga ya 30 haifikiwi.

Jibu: Losheni peke yake haitoshi jamani. Wacheze nje kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, mikono mirefu. Kofia iwe ya ukingo mpana pande zote; kapelo inaacha masikio wazi.

Jibu: Mawingu yasiwadanganye, miale inapenya. Losheni ikiisha, ulizieni losheni ya Kilisun kliniki ya ngozi. Inatengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino.