Nyota zilizojificha ndani ya wingu la Orioni

Mvuvi_Kigamboni: Wakuu, jana umeme ulikatika, nikapanda darini na darubini ya macho mawili. Kwenye Orioni, lile wingu la gesi na vumbi angani, nikaona ukungu na nyota chache tu. Mbona wanasema zimo maelfu?

Ticha_Temeke: Zimo, ndugu. Vumbi linazuia mwanga wa kawaida, ila infraredi, mwanga usioonekana kwa macho tunaouhisi kama joto, ina mawimbi marefu, inapenya. Darubini ya James Webb, iliyorushwa angani 2021, ina kioo cha mita 6.5 na inaziona vizuri. Nyingi hazijazidi miaka milioni chache, bado vichanga!

Bi_Mkaa: Kama kaa chini ya majivu. Jicho halilioni, ukisogeza kiganja joto unalipata.

Mvuvi_Kigamboni: Bi Mkaa, hapo nimekuelewa kabisa. Leo nampandisha binti yangu.