Mwarobaini kichwani na usoni: tupeane uzoefu

Wakuu, heshima mbele. Kila nyumba huku pwani haikosi mtu wa kukuambia "chemsha mwarobaini". Nataka kuwasikia waliotumia wenyewe: mlitengenezaje, ulisaidia wapi, wapi ulikataa? Wauza chupa mtupishe kidogo.

Naanza na mba. Nachuma majani mabichi konzi mbili, nachemsha na lita moja ya maji, nachuja kwa kitambaa, yakipoa namwagia kichwani nikishatoa shampuu. Muwasho unatulia. Mba yenyewe inapungua, ila nikiacha inarudi.

Msusi wa Temeke: Mimi naanika majani kivulini mpaka yavunjike mkononi, ndipo naloweka kwenye mafuta ya nazi. Yakiingia na umajimaji, mafuta yanaota ukungu. Yale ya mbegu ni makali, nachanganya matone tu. Yananuka kama kitunguu saumu kilicholala! Mteja wangu mmoja alipaka, mumewe akahamia sebuleni.

Bibi wa Tanga: Wajukuu wakipata tetekuwanga nawaogesha maji yake ya uvuguvugu. Ugonjwa unamaliza siku zake, lakini usiku wanalala bila kujikuna. Ila wanangu, mafuta ya mwarobaini mtoto hanyweshwi hata tone. Yanaweza kumletea degedege.

Mtu wa Likoni: Kwanza mhakikishe mti. Kuna ule wa maua ya zambarau unaopandwa kwa kivuli, watu wanauchuma wakidhani ndio. Mwarobaini maua yake meupe, na vijani vyenye meno vimepangwa huku na huku kwenye kikonyo kimoja. Ule mwingine kikonyo kinatoa vikonyo vingine ndani yake, na matunda yake ni sumu.

Chunusi Sugu: Usoni ulinikausha ngozi mpaka ikawa inabanduka. Nimerudi kwenye sabuni ya kawaida.

Nesi mstaafu: Chunusi Sugu, jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri kesho yake. Halafu mapunye ya watoto msihangaike nayo kwa majani. Fangasi imeingia ndani ya unywele, dawa ya kupaka haiifikii vizuri. Mpelekeni zahanati apewe vidonge.

Mleta uzi: Asante nesi. Na maji yakibaki, yanakaa?

Msusi wa Temeke: Kwenye friji siku mbili, basi. Yakianza utelezi mwaga, majani yamejaa tele barabarani.