Gari kupoteza nguvu ghafla katika barabara kuu: hatari ni ipi hasa?

Mkazi wa Ipogolo
Wakuu, habari za leo. Wiki iliyopita, nikipandisha Kitonga kuelekea Iringa na gari langu dogo la otomatiki, injini ilianza kunguruma kwa nguvu huku mwendo ukizidi kupungua, hadi gari likasimama kwenye kona na nyuma yangu kuna lori. Fundi ameshauri nibadilishe oili ya giaboksi tu. Je, ni salama kurudi nalo Dar es Salaam?

Fundi Gia
Ndugu yangu, usirudi nalo. Injini ikipanda mizunguko bila gari kwenda, mara nyingi kuna kinachoteleza ndani ya giaboksi, na oili mpya haiwezi kurudisha kilichokwisha kulika. Dondoshea tone la oili ya sasa kwenye karatasi nyeupe. Likiwa jeusi na linanuka kuungua, jibu umeshalipata. Isitoshe, safari hii Kitonga utaishuka: giaboksi isiposhika, injini haikusaidii kupunguza mwendo, mzigo wote unaziangukia breki, nazo zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena.

Dereva Mstaafu
Nakubaliana na Fundi, ila tusichanganye mambo mawili. Kwa bwana huyu injini ilikuwa inawaka, hivyo breki na usukani vilibaki kawaida. Injini ikizima kabisa, kama inavyoweza kutokea pampu ya mafuta ikifa (kasoro iliyoifanya Toyota iyarejeshe magari mengi kwa matengenezo mwaka 2020), usukani huwa mzito, na akiba ya nguvu iliyomo kwenye busta ya breki (kifaa kinachorahisisha kukanyaga pedali) hutosha kukanyaga mara chache tu. Kwa hiyo kanyaga mara moja kwa uthabiti bila kupigapiga pedali, washa hazadi, elekea kushoto mwendo ungalipo, na usizungushe ufunguo hadi mwisho, kwani usukani unaweza kujifunga.

Mama Safari
Mkishasimama, abiria washuke upande wa kushoto na wakae mbali na lami. Pembetatu au matawi yawekwe kabla ya kona, si baada yake, ili dereva wa lori apate nafasi ya kupunguza mwendo. Na mkiondoka, mawe ya kuzuilia magurudumu yaondolewe, maana wengi huyatelekeza barabarani, jambo ambalo kwa kweli linaudhi. Gari lenyewe lipakiwe juu ya brekidauni. Otomatiki nyingi zikikokotwa magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, giaboksi huzunguka bila kulainishwa na oili, na huko matengenezo yataongezeka.